Sauti Kwenye Kikaushio cha Pareto

Subilaga alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya kibanda, mkono wa kulia umezama hadi begani nyuma ya feni, akipapasa mahali pa kubandika kinasa sauti, pale aliposikia sauti ya marehemu baba yake mkubwa ikisema, "Ngoja kwanza."

Hakupiga kelele. Alitulia tu, shavu juu ya saruji yenye vumbi la maua, akakiweka sawa kisikizi chake nyuma ya sikio na kusikiliza. Feni ilizunguka. Trei za pareto zilitikisika juu ya kichwa chake, kila moja kwa mtikisiko wake. Kisha, katikati ya mvumo ule, sauti ikarudi, nzito, yenye mkwaruzo wa mtu aliyevuta kiko tangu ujana.

"Ngoja. Ngoja kwanza."

"Umemsikia?" mama yake mkubwa, Bibi Melania, aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimemsikia, Mama."

"Haya." Bibi Melania aliendelea kuchambua maua kwenye ungo, akitupa majani pembeni. "Basi kaandike hivyo huko idarani kwenu. Mchunguzi kaja, kasikia, kazi imekwisha. Nikuchemshie viazi, au umekuja na njaa ya mjini inayotaka wali?"

Subilaga alijivuta kutoka chini ya kikaushio, akajikung'uta. Alikuwa amefanya kazi katika Idara ya Uchunguzi wa Madai muda wa kutosha kuona nyumba zinazorusha mawe, chemchemi zinazolia, na mtoto aliyesemekana kuongea na nyuki. Siku zote alikuwa mtu wa kusikiliza habari za wengine. Leo jambo lenyewe lilikuwa limemsemesha yeye, tena kwa sauti ya mtu aliyemlea.

Kwa kawaida ndugu hapelekwi kuchunguza dai la ndugu. Lakini mchunguzi wa kwanza aliyefika hapa kijijini Lyamisi alianza na swali, "Bibi, huwa unalala vizuri?" Akapewa chai, akapewa kiazi cha njiani, akaoneshwa barabara. Basi mkuu wa idara, Lwitiko, akamwita Subilaga. "Wewe angalau utafika jikoni," alisema.

Na haraka ilikuwepo. Vali moja ya moyo wa Bibi Melania, mlango wa kupitisha damu, ilikuwa imechakaa. Madaktari walikuwa wamempangia kitanda cha upasuaji mara mbili, na mara zote mbili hakwenda, kwa sababu sauti ya marehemu mume wake ilimwambia angoje. Kitanda cha tatu kilikuwa cha keshokutwa. Daktari wa moyo, mama mmoja mpole asiyependa kutisha watu, alikuwa amemwambia Subilaga kwenye simu, "Sisi tunaweza kumpangia tena. Sijui kama moyo wake utaweza kungoja."

*

Walikula viazi kwa chumvi na pilipili, migongo yao ikiota moto. Baridi ya Lyamisi ilikuwa imeingia mapema mwaka huo. Walipomaliza, Subilaga akafungua kompyuta kibao yake na kuliuliza Jopo, kama taratibu za kazi zilivyotaka, ingawa jibu alilijua.

Jopo halikuwa mashine yenye maoni yake. Lilikuwa wataalamu wa nchi nyingi, wa masikio, wa ubongo, wa sauti, wa majengo, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kubishana. Mmoja akisema jambo, wengine walilisukuma kutoka kila upande, na lililobaki limesimama baada ya kusukumwa ndilo liliitwa muafaka. Mtu yeyote aliweza kuuliza. Alijibiwa wanakubaliana nini na kwa nguvu kiasi gani. Na chini kabisa, kwenye mstari ambao Subilaga aliupenda kuliko mingine yote, aliambiwa ni kitu gani kingewafanya wabadili mawazo.

"Soma kwa sauti," alisema Bibi Melania. "Nisisengenywe kimyakimya kwenye nyumba yangu mwenyewe."

Subilaga akasoma. Karibu wote walikubaliana kwamba hakuna sauti ya marehemu iliyowahi kuthibitika, ingawa imetafutwa muda mrefu na kwa nia njema. Walikubaliana pia kwamba wanaosikia husikia kweli. Hawadanganyi, na wengi wao si wagonjwa. Kingewafanya wabadili mawazo: sauti iliyonaswa na chombo kisichowahi kumjua marehemu.

"Hao watu wamewahi kukaa jikoni kwangu?"

"Hapana, Mama. Wamekaa kwenye majiko mengine mengi kama hili, na wajane wengine."

"Wajane wengine hawakuolewa na Zebedayo." Bibi Melania alichochea kuni. "Na ni wataalamu haohao waliotuambia tung'oe pareto tupande miti. Tukang'oa. Kisha wakarudi na magari mapya kutuambia miti ile inakunywa chemchemi zetu, turudishe pareto. Leo wanataka kunifundisha sauti ya mume wangu."

"Ni kweli walikosea." Subilaga hakupenda kukimbia swali zuri. "Lakini nani aligundua kosa lenyewe?"

"Sisi. Maji yalikauka mbele ya macho yetu."

"Nyinyi mliona maji yamekauka. Sababu kila mtu alikuwa na yake. Mzee Sanga alisema ni mama mkwe wake katupia kijiji mikosi. Waliopima mizizi na visima hadi ikajulikana ni miti walikuwa wataalamu wengine, waliosimama kuwapinga wenzao."

"Nasikia jina langu linaliwa na viazi," ilisema sauti mlangoni. Fanuel Sanga, jirani wa upande wa bondeni, aliinama kupita kizingiti, koti lake la mvua likichuruzika. "Na mama mkwe yule simtoi kwenye hesabu hata leo. Shikamoo, shemeji. Subi, umekuwa mkubwa wa serikali. Umemsikia mzee?"

"Marahaba, karibu moto," alisema Bibi Melania. "Kamsikia."

"Si mnaona! Mimi sina undugu na Zebedayo. Aliniuzia ng'ombe mwenye mguu mbovu, akafa hajaniomba radhi. Nina sababu gani ya kumsingizia uzima?"

"Na wewe anakuambia nini?" Subilaga aliuliza.

"Ningoje bei ipande. Kama alivyokuwa akitangaza pale ushirika, vilevile."

Subilaga alilishika jambo hilo bila kulisema. Alikwenda kibandani, akachomoa kinasa sauti alichokiacha nyuma ya feni, akarudi nacho jikoni. Kilikuwa kitu kidogo cha bati, hakina akili yoyote, hakijawahi kukutana na Zebedayo Tweve. Alikiweka juu ya kigoda na kukiwasha.

Feni ikavuma jikoni. Trei zikagongana. Kisha, wazi kabisa, Zebedayo akasema, "Ngoja kwanza."

Sanga aliruka akamwaga chai. "Kanaswa! Haleluya, kanaswa kwenye bati!"

Bibi Melania hakuruka. Alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, macho yakajaa. Subilaga naye alijikuta ameshika kigoda kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye gari linaloteremka mlima. Ule mstari wa mwisho wa Jopo ulikuwa mbele yake, neno kwa neno. Chombo kisichomjua. Sauti imenaswa. Alifikiria dunia nzima ikibadilika kuanzia kwenye jiko hili lenye moshi. Na chini ya wazo hilo kubwa kulikuwa na dogo lililomuuma zaidi: kwamba angeweza kukaa na Baba jioni hii, amuulize mambo ambayo hakuwahi kumuuliza.

"Msimwambie mtu," alisema. "Naomba. Kuna mwenzangu lazima asikie kwanza."

*

Mtandao wenye nguvu ya kutuma sauti ulipatikana nyuma ya zizi tu. Subilaga alituma sauti ile, akasimama kwenye manyunyu akimsubiri Lwitiko aisikilize huko mjini.

"Nasikia feni," Lwitiko alisema.

"Sikiliza tena. Baada ya trei kugongana."

Aliirudia. "Subi, nasikia feni na kuku. Kuku anaonekana ana malalamiko. Mtu sisikii."

"Mimi nimesikia. Mama kasikia, jirani kasikia. Watu watatu wazima, Lwitiko."

"Na wengine?"

Alifikiri. Shemasi alisikia. Mama mwenye duka alisikia. Watoto waliokuja kuchungulia hawakusikia kitu, lakini Bibi Melania alisema watoto wale hawakumjua mzee vizuri, kwa nini awasemeshe? Subilaga alikuwa ameikubali sababu hiyo asubuhi. Sasa aliigeuza upande wa pili. Watoto wale walizaliwa baada ya homa, masikio yao mazima.

Homa ya uti wa mgongo ilipita Lyamisi yeye akiwa bado ananyonya. Iliua wengi, mama yake mzazi akiwemo, na waliopona wengi wao iliwaacha viziwi, yeye akiwa mmoja wao. Miaka michache baadaye vikaja visikizi. Kisikizi hakikuwa kama vifaa vya zamani vilivyokuza sauti tu. Masikio yaliyoungua hayana cha kukuzwa. Kisikizi kilipokea vipande vilivyopatikana na kujaza mapengo kwa kukisia, na ili kikisie vizuri kilihitaji kujifunza namna watu wa mahali hapo wanavyosema. Kijitabu cha maelekezo kilisema kisikizi kisomewe na watu mbalimbali, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo.

Lyamisi hawakufanya hivyo. Lyamisi walisema kisikizi kichanga ni kama mtoto mchanga, kinanyonyeshwa, na hakuna anayempeleka mtoto kunyonya kila nyumba. Walikipeleka kwa mtu mmoja mwenye maneno mazuri. Na mwenye maneno mazuri kuliko wote alikuwa Zebedayo, mtangazaji wa bei pale ushirika. Subilaga alikumbuka foleni ya watu uani kwao, kila mmoja na kisikizi kwenye kitambaa, na Baba akiwa kwenye kiti chake cha kamba, kiko mkononi, akivisimulia vifaa vile habari za mvua, ng'ombe na bei, huku kila anayetaka kumharakisha akiambiwa, "Ngoja kwanza."

Walikuwa mashahidi wengi. Wote walikuwa wamenyonya ziwa moja.

"Lwitiko," alisema polepole, "feni ya kikaushio ni mpya. Ushirika uliibadilisha baada ya mazishi."

"Ina mvumo wa vipandevipande?"

"Trei zinaukata. Kama mtu anayevuta pumzi kati ya maneno."

Hawakuhitaji kusema zaidi. Lwitiko alikohoa, kisha akaongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunga mlango wa ofisi. "Kitanda ni cha keshokutwa, siyo? Una kifaa cha kurekebishia. Chukua kisikizi cha mama, ubadilishe neno moja. Badala ya kusema ngoja, aseme nenda. Basi. Anakwenda, anatengenezwa, anarudi. Nakwambia kama rafiki, si kama mkuu wako. Angekuwa mama yangu, ningekuwa nimeshafanya."

*

Bibi Melania alikuwa na desturi ya kuvua kisikizi chake alasiri na kumpa aliye karibu akisafishe kwa pamba na spiriti, kwa sababu macho yake hayakuona tena matundu madogo. Siku hiyo aliyekuwa karibu ni Subilaga. Alikaa kwenye ngazi ya kibanda na kisikizi mkononi, kifaa cha kurekebishia kimewaka kwenye goti lake. Mama yake mkubwa, ambaye sasa hakusikia kitu chochote duniani, aligeuza maua kwenye trei huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti iliyopotea njia mapema na haikujali.

Ilikuwa kazi ndogo sana. Sauti ya Baba ilikuwa humo, imepangwa. Angeliandika neno, Baba angelisema. Bibi Melania angetii, maana mume wake hakuwahi kumhimiza jambo maishani. Akihimiza leo, lazima liwe kubwa.

Alimtazama akisimama katikati ya wimbo kuvuta pumzi, mkono mmoja kifuani, kisha akiendelea kama vile hakusimama. Vali. Subilaga aligusa kioo. Akaandika herufi ya kwanza. Akakaa nayo.

Kisha akaifuta, akazima kifaa, akasafisha matundu kwa pamba, moja baada ya jingine, kama alivyoombwa.

Kabla ya kukirudisha alichukua kitu kingine kwenye mkoba: kisikizi cha idara, kilichotoka pwani ya kusini, kilichosomewa na watu asiowajua. Alivua chake, akavaa hicho, akainama tena chini ya kikaushio. Feni ilivuma. Trei zikagongana.

"Haya, kaeni chini," alisema mwanamke fulani, kwa lafudhi ya mbali, pengine mwalimu. "Kaeni. Haya, kaeni chini."

Subilaga alicheka. Hakujua kicheko kiligeuka kilio wakati gani. Alikuwa mchunguzi wa miaka mingi, na bado, hadi dakika ile, sehemu yake fulani ilikuwa imekaa uani ikimngoja Baba amalize kuongea na watu wengine.

Mkono ulimgusa mgongoni. Bibi Melania alikuwa amekiokota kisikizi chake kwenye ngazi na kukivaa. "Kakuambia nini baba yako mpaka ulie hivyo?"

*

Subilaga alivaa tena kisikizi chake mwenyewe, akamweleza yote, wamekaa juu ya magunia. Hakuruka kitu. Mama yake mkubwa alisikiliza akisokota ua moja la pareto kati ya vidole.

"Kwa hiyo mimi nimechanganyikiwa."

"Hapana. Jopo lenyewe limesema unasikia kweli, husemi uongo. Kisikizi kinasikia mvumo, hakiuelewi, kinauliza, nani angesema hivi? Kinamjua mtu mmoja tu."

"Na wewe, uliposikia, uliamini nini?"

"Niliamini ni Baba."

"Na Jopo lako?"

"Nililiweka pembeni. Liliponirudia akilini halikunipa jibu, Mama. Hawakujua habari za visikizi vyetu wala feni yako. Lilinifanya tu nisisimame mapema. Nikafikiri, masikio yangu ni mawili, na yote yamefundishwa na mtu mmoja ninayempenda. Wao ni wengi, hawapendani hata kidogo, na bado wamekubaliana. Nikaona nitafute zaidi."

Bibi Melania aliacha kusokota ua. "Kwa hiyo si yeye."

"Maneno ni yake. Namna ya kusema ni yake. Lakini hakuoni, Mama. Hajui habari za moyo wako. Anasema ngoja kwa sababu alimwambia kila mtu ngoja."

"Siku ya harusi alimwambia mchungaji." Tabasamu lilikuja bila kuitwa. "Swali limeulizwa, kanisa zima kimya, Zebedayo anasema, ngoja kwanza. Alikuwa anatafuta leso. Baba yangu nusura arudishe ng'ombe."

Walicheka wote. Kisha Subilaga akasema lililobaki, kwa sababu lilikuwa linamwasha. "Leo ningeweza kumfanya aseme nenda. Nilikuwa na kisikizi chako mkononi. Nilianza kuandika."

Mama yake mkubwa alimgeukia. "Kwa nini hukumaliza?"

"Ungepona, halafu usingejua tena ni nani anasema nawe. Mimi ningejua. Kila tukikaa kula."

"Nisingepona. Ningegutuka hapohapo." Bibi Melania aliurusha ule ua kwenye ungo. "Zebedayo na nenda wapi na wapi? Alikuwa akiniaga kwa kuniambia ningoje." Alikunja kitenge magotini, akakikunjua. "Hicho cha idara, nikikivaa, nitamsikia huyo mwalimu?"

"Utamsikia. Ukitaka ujionee mwenyewe, usiamini kwa sababu ni mimi."

"Na changu?"

"Chako ni chako. Hakuna atakayekigusa usipotaka. Hata Lwitiko."

Bibi Melania aliupokea mfuko mdogo wa kisikizi hicho, akakitazama kisikizi kigeni ndani yake kama mtu anavyotazama mtoto wa jirani aliyeachiwa kwa siku moja. Hakukivaa. Aliuweka juu ya dirisha, mbali na vumbi la maua.

"Kesho asubuhi," alisema. "Tukiwasha feni, nitakivaa. Trei za chini bado mbichi, huwezi kufunga kazi maua yakiwa hivi. Na Fanuel lazima aitwe naye akivae, la sivyo atazunguka kijiji kizima akisema mmemfukuza mzee."

"Kitanda ni keshokutwa, Mama."

"Najua ni keshokutwa. Mimi siyo moyo wangu, mimi bado nafanya kazi." Alisimama kwa kushika bega la Subilaga, akapumzika, akasimama vizuri zaidi. "Hospitali wanaruhusu mtu aende na blanketi lake? Yao membamba, nimewahi kuyaona."

"Wanaruhusu."

"Sijasema naenda. Nimeuliza blanketi."

"Nimesikia."

Jua lilikuwa linagusa vilima vya upande wa pili, na umeme wa mitambo ya jua iliyo juu ya paa ulianza kushuka. Feni ikavuma polepole, kwa mapumziko marefu. Subilaga aliacha ripoti wazi kwenye kibao, pale penye neno *hitimisho*, akaanza kukusanya waya. Bibi Melania alikwenda kwenye swichi. Tangu mazishi hakuwahi kuizima mwenyewe. Kila jioni aliacha jua lizame na feni ikate kauli yenyewe. Alisimama mkono ukiwa ukutani, kichwa kimeinama upande, akisikiliza.

"Ngoja kw—" alisema Zebedayo.

Akabonyeza. Trei zikatulia.

"Utamalizia kesho," Bibi Melania aliiambia feni, akavuta mlango wa kibanda, akamshika mwanawe mkono warudi jikoni.